Kuasili mtoto wa ndugu ng'ambo ya Mto Sio: sheria zilivyowaacha jamaa njia panda

Sheria za kuasili watoto kimataifa zimekazwa nchini Uganda, nchini Kenya na katika nchi wanakopelekwa watoto hao. Zimekazwa kwa sababu nzito. Lakini katika vijiji vya mpakani kama Majanji, na katika nyumba za jamaa zao wanaoishi hapa Australia, zimewaacha njiani watu ambao hawajawahi kumuuza wala kumnunua mtoto wa mtu.

Majanji ni mwalo wa wavuvi katika wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Ukisimama ufukweni ukatazama upande wa mashariki, nchi unayoiona ng'ambo ya ghuba ni Kenya. Huko Mto Sio huingia Ziwa Victoria, na huko upo mji mdogo wa Sio Port. Dagaa walewale huitwa mukene wakianikwa upande huu na omena wakianikwa upande ule. Wasamia wako pande zote mbili. Mahari huvuka mto, misiba huvuka mto, na watoto huvuka mto. Mpaka wenyewe ni kazi ya Waingereza, ambao mwaka 1902 waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kaskazini zaidi, katika mji wa Busia, ndiko linakosemekana kuzaliwa neno boda boda, kutokana na baiskeli zilizowabeba watu kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine.

Katika maisha haya, mzazi akifariki au akishindwa, mtoto huchukuliwa na mama mkubwa, shangazi au nyanya yake. Hakuna anayekwenda mahakamani. Mtoto hajapotea; amehama jiko tu. Mambo hubadilika siku karatasi inapodaiwa: shule inapotaka cheti cha kuzaliwa, hospitali inapotaka saini ya mzazi, au ndugu aliyeko Melbourne au Perth anapopiga simu na kusema, mleteni huku nimsomeshe.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili kuzipima sheria. Msichana wa miaka tisa amezaliwa Majanji. Baba yake amefariki. Mama yake yu hai, ni mgonjwa wa mara kwa mara, na ana wadogo wengine watatu wa kulisha. Tangu akiwa na miaka miwili, msichana huyu amelelewa Sio Port na mama yake mkubwa, ambaye aliolewa Kenya na ana uraia wa Kenya. Mjomba wake, aliyeondoka Uganda zamani, sasa ni raia wa Australia. Wote watatu wanampenda, na wote wamekubaliana. Je, sheria inawaonaje?

Mgeni wa Ohio na mama mkubwa wa Sio Port

Mbele ya Sheria ya Watoto ya Uganda, mama mkubwa huyu ni mgeni. Haijalishi kwamba akipanda mtumbwi asubuhi anaweza kunywa chai na dada yake kabla jua halijawa kali. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtu asiye raia wa Uganda anayetaka kuasili mtoto anatakiwa awe ameishi nchini humo kwa angalau mwaka mmoja, na awe amemlea mtoto huyo kwa angalau mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Alete pendekezo la maafisa wa ustawi wa jamii wa nchi yake. Tena aihakikishie Mahakama Kuu kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa. Masharti hayo ndiyo yanayomkabili mwanandoa wa Ohio ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Sheria imempa jaji uwezo wa kulegeza sharti lolote pakiwa na hali ya kipekee, lakini undugu wa damu haukutajwa kama hali ya kipekee. Mwombaji hujaribu bahati yake, na wakili hulipwa kwa kujaribu.

Ulezi wa kisheria, ambao zamani ulikuwa njia nyepesi zaidi, tangu mwaka huo wa 2016 umebaki kuwa wa raia wa Uganda peke yao.

Kwa nini kamba ilikazwa

Kabla ya 2016 masharti yalikuwa magumu zaidi kwa maandishi: miaka 3 ya kuishi nchini na miezi 36 ya kumlea mtoto. Kwa kuwa wageni wachache wangeweza kuyatimiza, mawakili waliyazunguka. Walikwenda Mahakama Kuu, yenye mamlaka mapana kwa mujibu wa Katiba, wakaomba ulezi wa kisheria badala ya kuasili. Amri ikitoka, mtoto alisafirishwa na kuasiliwa huko aendako, mbele ya mahakama isiyomjua mama yake. Katikati ya mwongo uliopita, takriban watoto 200 kwa mwaka walikuwa wakiondoka Uganda kwenda Marekani peke yake, wengi wao kwa njia hiyo.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa polepole. Uganda haikuwa mwanachama wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, ambao huzilazimisha nchi mbili kuwasiliana kupitia mamlaka zao kabla mtoto hajaondoka. Kwa mtoto anayetoka nchi isiyo mwanachama, sheria ya uhamiaji ya Marekani ilidai awe yatima. Yatima kwa maana hiyo si lazima awe amefiwa na wazazi wote wawili. Anaweza kuwa na mzazi mmoja aliyebaki, ilimradi mzazi huyo hawezi kumtunza ipasavyo na ametia saini ya kumwachia mtoto moja kwa moja, bila nafasi ya kurudi nyuma, ili ahame na kuasiliwa. Kwa hiyo mjane maskini mwenye kidole gumba na wino akawa mtu wa thamani kubwa kwa madalali.

Tarehe 17 Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Uganda, Moses Mukiibi na Wilson Musalu Musene, pamoja na wakili Dorah Mirembe na mumewe. Vikwazo si hukumu ya mahakama. Ni hatua ya kiutawala. Lakini siku hiyohiyo waendesha mashtaka wa Ohio walifungua kesi ya jinai iliyomtaja wakili huyo pamoja na watu wa shirika la European Adoption Consultants, ambalo lilikuwa limezuiwa kuendesha shughuli tangu Desemba 2016. Mwaka 2021 mmoja wa watu hao, mwanamke aliyesimamia mpango wa Uganda, alikiri kosa. Kilichoelezwa kilikuwa mnyororo mzima: maafisa wa ustawi wa jamii walihongwa ili wapendekeze mtoto apelekwe katika makao ya watoto, makarani wa mahakama walihongwa ili kesi ipangiwe jaji anayetakiwa, na majaji walihongwa ili watoe amri. Wazazi wa vijijini waliambiwa kwamba watoto wao wanakwenda kusoma.

Familia moja ya Ohio ilimpokea msichana kutoka Uganda kwa njia hizo. Alipopata Kiingereza cha kutosha alianza kueleza kuhusu mama yake: alivyompikia, alivyomlea. Maelezo hayo hayakufanana na yale yaliyoandikwa kwenye faili. Familia ile ilichunguza, ikagundua kwamba mama aliamini ametoa ruhusa ya masomo, na mwaka 2016 ikamrudisha mtoto kwao Uganda. Ilipasa mahakama za Marekani zihusike tena ili kufungua kifungo kilichokwisha kufungwa.

Nimetafsiri habari za kesi hii zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama mahali palepale. Kwenye chumba cha habari tunaandika "kuasili", na neno hilo ni sahihi. Lakini mama yangu mwenyewe ukimwambia fulani ameasili mtoto, atauliza kwanza ni nani ameasi. Neno analolijua ni kulea, na kulea hakumfuti mama wa kwanza. Mtoto wa kulelewa hurudi kwa likizo, hurudi kwa msiba, na akipata mshahara hukumbuka nyumba zote mbili. Kuasili, kwa maana ya sheria, hufuta haki na wajibu wa mzazi wa kuzaa na kumpa mzazi mwingine. Mtu aliyesimama Majanji akaulizwa kwa lugha yake kama anakubali mwanawe alelewe na wazungu, kisha akawekewa mbele yake karatasi ya Kiingereza, ameulizwa swali moja na amejibu jingine.

Uganda ina sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma. Anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati ni lazima aandike jina na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba ameisoma hati na kuieleza. Sheria ya Watoto nayo inasema ridhaa ya mzazi yaweza kuondolewa wakati wowote kabla amri haijatamkwa, na mtoto aliyefikisha miaka 14 ni lazima aulizwe yeye mwenyewe. Kwa hiyo kinga zilikuwapo siku zote. Hakukuwa na mtu wa kuzisoma kwa sauti.

Kenya: tamko juu ya sheria

Upande wa pili wa mto mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague mwaka 2007. Hata hivyo, Novemba 2014, kwa hofu ya biashara haramu ya watoto, Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya, na Septemba 2019 likatoa tena agizo la kupiga marufuku. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoruhusu jambo hilohilo, ilikuwa ingali inatumika. Familia zilijikuta kati ya sheria iliyosema ndiyo na tamko la serikali lililosema hapana. Kwa mtu ambaye amekwisha kuishi na mtoto, swali la lipi kati ya hayo mawili lina nguvu zaidi ni swali la kama kesho mlango utagongwa.

Sheria mpya ya mwaka 2022 imeleta angalau jambo moja jema: imetambua kuasili kunakofanywa na ndugu wa mtoto kama aina yake yenyewe, mbali na kuasili kwa wenyeji wasio ndugu na kwa wageni. Mama mkubwa wa Sio Port angeweza kufurahi, lakini sheria hiyo haiwezi kuvuka mto na kumfanya mpwa wake aache kuwa Mganda. Katiba ya Kenya, ibara ya 15, inasema mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Mlango huo upo na u wazi. Anachokosa ni amri halali ya kuasili ya kumfikisha mlangoni.

Katiba hiyohiyo inaonyesha jinsi mto mwembamba unavyoweza kugawa majaliwa ya watu. Mtoto aokotwaye Kenya bila wazazi kujulikana, akionekana ana umri wa chini ya miaka 8, huhesabiwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Katiba ya Uganda hutoa haki hiyo kwa mtoto asiyezidi miaka 5. Mtoto wa miaka 6 akikutwa peke yake ufukweni Sio Port ana nchi. Akikutwa ufukweni Majanji, inabidi mtu aanze kumtafutia.

Wasikilizaji wetu waliotoka Kongo hawahitaji kuelezwa jinsi milango ya namna hii inavyofungwa. Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Watoto zaidi ya 1,000 walikwama, wengi wao wakiwa wamekwisha kupewa wazazi wapya na mahakama za Kongo zenyewe. Walikuwa na majina mapya na nyumba za mbali zilizowasubiri, huku wakiendelea kulelewa na watu wa tatu. Faili zao hazikumalizwa hadi mwanzoni mwa 2016. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja alipoasiliwa alikuwa sasa anazungumza lugha ambayo wazazi wake wapya hawakuijua.

Kwingineko hali inaelekea upande huohuo. Ethiopia iliharamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni Januari 2018. Uholanzi ilitangaza mwaka 2024 kwamba itafunga njia hiyo hatua kwa hatua, na China ikaufunga mpango wake mwaka huohuo.

Mjomba wa Australia na mwaka wake mmoja

Turudi kwa mjomba. Watu wengi wa jumuiya yetu, wakifikiria kumleta mpwa au mjukuu, husikia kwanza juu ya viza namba 117, ya ndugu yatima. Mjomba, shangazi, kaka, dada na hata babu na bibi wanaweza kudhamini. Lakini mtoto ni lazima awe hana mzazi wa kumtunza: wazazi wawe wamefariki, hawajulikani walipo, au hawawezi kabisa na daima kumtunza. Mama wa Majanji yu hai, anajulikana alipo, na ugonjwa wake huja na kuondoka. Mpwa si yatima. Na foleni ya viza hii huhesabiwa kwa miaka, hata kwa wanaostahili.

Hapa ndipo hatari huingia, na ni afadhali tuiseme wazi. Mtu wa pembeni atashauri mama aandikwe kuwa haonekani, au cheti cha kifo kitafutwe. Kila anayeshauri hivyo ana nia njema na ana mfano wa mtu aliyefanikiwa. Ni kanuni hiyohiyo ya yatima iliyowanufaisha madalali wa Kampala, safari hii ikitumiwa na ndugu. Anayekamatwa na uongo huo hapotezi ada tu. Mtoto hubaki na faili linalomkana mama yake, na faili hilo humfuata katika kila ombi atakaloandika baadaye.

Njia ya pili ni viza namba 102, ya mtoto aliyeasiliwa. Ikiwa mtoto ameasiliwa ng'ambo bila kupitia mamlaka za Australia, mzazi mpya anatakiwa awe ameishi nje ya Australia kwa zaidi ya miezi 12 wakati wa kuomba. Na waziri ni lazima aridhike kwamba kukaa huko hakukupangwa kwa makusudi ya kukwepa masharti ya Australia kuhusu kuasili. Sasa linganisha na sheria ya Uganda. Kampala inamwambia mjomba: njoo ukae nasi mwaka mzima, umlee mtoto, ndipo tukuamini. Canberra inamuuliza: ulikwenda kukaa huko mwaka mzima kwa sababu gani? Jibu la kweli kwa swali la kwanza linaweza kuwa kosa katika swali la pili.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalifahamu. Tangu mwaka 2009 Uganda inaruhusu uraia pacha, na aliyeupoteza uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuomba kuurudisha. Kwa maandishi ya sheria, mjomba aliyerudishiwa uraia hayamhusu masharti ya asiye raia, na hata ulezi wa kisheria unakuwa wazi kwake, ingawa mahakama bado itataka kujua mtoto ataishi wapi. Hilo humsaidia Kampala. Halimsaidii mbele ya afisa wa viza, ambaye hupima kuasili wala si ulezi.

Kwa maoni yangu, Uganda na Kenya zilifanya vyema kufunga milango ile. Anayesoma kesi ya Ohio hawezi kutamani irudi. Kasoro ni kwamba waliotunga sheria walimwona mtu mmoja tu akilini, mgeni wa mbali mwenye pesa, na ndugu wa ng'ambo ya mto akapimwa kwa kipimo cha mgeni huyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja tangu Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 marais wawili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo lori la mizigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mtoto hana kitambulisho, na hakuna dirisha katika kituo hicho ambapo mama mkubwa na mama mzazi wanaweza kuketi mbele ya maafisa wa nchi mbili na kueleza, kwa lugha yao, ni nani anayemlea nani na hadi lini. Kibali cha ndugu cha namna hiyo kisingehitaji kumfuta mama yeyote.

Kwa sasa, mawakili wanaoshughulika na mambo haya huanza na vitu vidogo. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya kweli ya wazazi wote wawili. Cheti cha kifo cha baba, kilichotolewa na mamlaka na si barua ya mazishi tu. Barua ya mwenyekiti wa LC 1 upande wa Uganda na ya chifu upande wa Kenya, zinazosema mtoto amekuwa akiishi kwa nani. Risiti za ada ya shule. Na maandishi ya mama, yaliyosomwa kwake kwa lugha anayoielewa, yakisema anachokubali na asichokubali. Mama wa mfano wetu, akisomewa vizuri, pengine angekubali mwanawe aishi Sio Port mpaka amalize shule, na aende Melbourne akipata nafasi, mradi arudi kumzika. Katika fomu zote za nchi tatu tulizozitaja hapa, hakuna mstari wa kuandikia hilo.